Unga wa Magoti

Mume wangu anaitwa Andendekisye. Hapa Mbalizi jina hilo liliwashinda watu zamani, hasa Wasukuma wanaoleta mchele kutoka Usangu, kwa hiyo kila mtu humwita Baba Esta, hata wale wasiomjua Esta mwenyewe. Magoti yake yameisha. Yameisha kama sabuni inavyoisha, kidogo kidogo, mpaka siku unashika kipande na hakishikiki. Mimi ndiye ninayemwinua kitandani kila alfajiri. Nimechoka, na sioni haya kusema nimechoka, maana watu huuliza habari za mgonjwa, hakuna anayeuliza habari za anayemwinua.

Alikuwa mpakiaji sokoni. Viazi vya huku haviendi Dar kwa gunia la kawaida, vinaenda kwa lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka mdomoni kisha likashonewa kilemba juu yake. Wanaume wawili wanalinyanyua, wa tatu anaingia chini, analipokea kwa shingo na bega, anapanda nalo ubao mpaka juu ya lori la Fuso. Baba Esta ndiye alikuwa wa kuingia chini. Alianza akiwa kijana ametoka kwao Rungwe na suruali moja, akaendelea kuingia chini mpaka watoto wetu wakamaliza shule. Wenzake walikunywa gongo ili wasiusikie uzito. Yeye ni Msabato, hanywi, kwa hiyo aliusikia wote.

Hapo kwenye Usabato inabidi nieleze kidogo, vinginevyo hamtamwelewa huyu mwanamume. Tangu abatizwe hali kitu chochote kilichokataliwa katika Walawi kumi na moja. Nguruwe hali, kambale hali, kaa na kamba hajawahi hata kuwaona. Akialikwa mahali anauliza kwanza mafuta ya kupikia ni ya nini. Mimi nilibatizwa nikiwa tayari mke wake, na kusema ukweli nilikuwa naipenda sana nyama ya nguruwe. Niliiacha kwa ajili ya amani ya nyumba, baadaye nikazoea.

Sasa huyo mwanamume Mungu akampa mdogo mmoja tu, Gideon, na huyo Gideon ni Mlutheri wa Kihesa, Iringa, na anafuga nguruwe. Si wawili watatu wa kujaribu bahati. Anafuga kweli, ana banda la saruji na wateja wake wa hotelini. Utotoni walilala mkeka mmoja, na Gideon alipougua surua kaka yake alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Haya nimeyasikia kwa mama mkwe, maana wenyewe hawasemi.

Baba yao alifariki mwaka mmoja kabla ya korona. Tulikusanyika Rungwe, msiba mkubwa, watu wengi, mvua haikatiki. Gideon alifika na wageni wake kutoka Iringa, na akaja na nguruwe aliyekwisha kuchinjwa. Hakumlazimisha mtu. Aliweka sufuria yake nyuma kabisa, kwenye migomba, mbali na vyungu vya watu wengine, ili wageni wake wapate kitu cha kula. Lakini moshi hauna adabu, ukaja mpaka tulipokaa. Baba Esta akasimama, nikajua. Alienda moja kwa moja akaipiga teke ile sufuria, nyama ikamwagika kwenye majani, mbele ya watu, mwili wa baba yao ukiwa bado ndani. Kisha akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mimi sitakula tena kitu kilichotoka mkononi mwako mpaka naingia kaburini."

Gideon alichutama akaanza kuokota nyama, kipande kimoja kimoja, akaiosha kwenye beseni, akairudisha motoni, maana wageni wake walisafiri usiku kucha na walikuwa hawajatia kitu mdomoni. Nilichutama nikamsaidia kuosha. Nilimwonea huruma, na nilimwonea aibu mume wangu, vyote kwa pamoja. Baada ya hapo ndugu hao wawili hawakupeana hata glasi ya maji.

Kanisani kwetu kila robo ya mwaka tuna Meza ya Bwana, na kabla ya Meza tunatawadhana miguu. Wanaume wanakaa upande wao, wanawake upande wetu, mashemasi wanagawa beseni, maji ya uvuguvugu na taulo. Unapiga magoti mbele ya mwenzako, unamwosha miguu, naye anakuosha. Utaratibu ni kwamba umtafute yule mliyekosana. Wengi hatufanyi hivyo. Tunamtafuta jirani mwema ambaye hatuna neno naye, tunamwosha vidole, tunakumbatiana, basi. Baba Esta ni mzee wa kanisa, na robo baada ya robo alikuwa anaosha miguu ya watu wasiomkosea chochote. Akirudi nyumbani anakuwa mkimya mpaka Jumapili.

Kisha magoti yakaanza kukataa. Kwanza alishuka akashindwa kuinuka, mashemasi wakamnyanyua. Robo iliyofuata hakuweza hata kushuka. Shemasi mmoja, mtu mwema tu, akamletea stuli akae aoshee hapo. Baba Esta alimtazama kama aliyetukanwa. Alisema kumwosha mtu miguu ukiwa umekaa ni sawa na kuosha gari. Akatoka nje, akasimama chini ya mti mpaka wenzake walipomaliza.

Jioni ile ndipo alipoliweka wazi. Aliniambia kile alichokifanya Rungwe kinamla, kwamba nguruwe ni najisi lakini teke lile lilikuwa najisi zaidi, na kwamba akipata magoti tena atamwita Gideon kutoka Iringa, amtawadhe miguu. Mimi nilikuwa nimechoka siku hiyo, nimefua tangu asubuhi. Nikamwambia magoti ni kisingizio chako, simu unayo, mpigie mtu sasa hivi. Akasema kosa la kumwangushia mtu chakula chini haliombewi radhi kwenye simu, linaombewa chini. Tulinuniana. Lakini tangu siku ile nilijua kinachomsumbua si kutembea. Alitaka ashuke mara moja tu mbele ya mdogo wake kabla hawajafa.

Tukaanza kuyahangaikia magoti. Daktari wa hospitali alituonyesha picha, akatueleza kwamba zile gegedu, yaani ule utelezi mgumu uliokaa kati ya mfupa na mfupa, zimelika, na kano za begani nazo zimechakaa kwa kupokea mizigo. Akasema aache kubeba, apungue mwili, na afanye mazoezi: akae kwenye kiti, afunge kifuko cha mchanga kwenye kifundo cha mguu, anyooshe na kukunja, asubuhi na jioni. Tulimshukuru sana. Mazoezi hayakufanyika. Kifuko cha mchanga nilikiweka mlangoni, mlango usijifunge.

Dawa za maumivu zilimchoma tumbo. Tukahamia kwenye vitu vya kujenga, kama wanavyoviita. Manjano na pilipili manga kwenye asali: tulikunywa mpaka shuka likawa la njano. Tangawizi. Majani ya mlonge. Kwa muuza dawa hapa sokoni, binti anayejua kazi yake, tulipewa kopo la glukosamini, akatueleza kwa nia njema kwamba inasaidia baadhi ya watu na wengine haiwasaidii, na kwamba inatengenezwa kwa maganda ya kaa na kamba. Yule mwanamume alirudisha kopo juu ya kaunta kana kwamba linamng'ata. Ile nyingine, kondroitini, akauliza inatoka kwa nani. Binti akasema aliyonayo yeye imetoka kwenye gegedu za papa. Je, papa ana magamba, akauliza Baba Esta, maana samaki asiye na magamba Walawi inamkataa. Nilitamani ardhi ipasuke. Binti wa watu akasema magamba kama ya sato hana, basi hiyo nayo ikabaki dukani. Mafuta ya samaki tulichukua baada ya kuhojiana kuhusu samaki mwenyewe, na kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa kumfanya abeue.

Mke wa Gideon anaitwa Devotha. Sisi wanawake hatukuwahi kuacha kupigiana simu, kwa sababu sisi hatukupiga teke sufuria ya mtu. Devotha alikuwa ameingia kwenye biashara ya virutubisho, ile ya kuitwa kwenye semina na kurudi na begi. Siku moja akanitumia kwa basi kopo la unga mweupe. Akasema unaitwa kolajeni, ni kile kile kinachofanya supu ya makongoro, ile ya kwato, igande ikipoa, wamekikausha tu kikawa unga. Kijiko kwenye uji, kila asubuhi. Nikamuuliza umetoka kwa mnyama gani, maana namjua niliyeolewa naye. Akasema ng'ombe. Hivyo ndivyo walivyoambiwa.

Kazi ikabaki kumshawishi mwenyewe. Alisema kitu kilichotoka nyumba ya Gideon haruhusiwi kukila, ameapa. Nikamwambia kimetoka kwa Devotha. Akawaza siku kadhaa, maana huyu mtu huwaza polepole, kisha akaja na hukumu yake: aliapa kuhusu chakula, na dawa si chakula. Nikasema haleluya, nikakoroga uji.

Ninachowaambia sasa sijui kama ni kazi ya unga. Kipindi hicho hicho Esta alikuja likizo, akamkuta baba yake kakaa tu, akamgombeza mpaka akafunga kile kifuko cha mchanga mguuni. Kipindi hicho pia alikuwa ameacha kabisa kubeba. Labda ni mchanga, labda ni kupumzika, labda ni uji wenyewe. Ila yeye aliamini ni unga, na makopo yaliendelea kuja. Asubuhi moja niliamka nikakuta upande wake wa kitanda mtupu. Alikuwa uani, kasimama, ameinuka mwenyewe. Nilirudi kulala. Hamjui utamu wa kulala alfajiri mpaka muwe mmekaa miaka mnamnyanyua mtu.

Akaanza kupiga magoti wakati wa sala ya nyumbani, ameshika kiti. Halafu bila kiti. Nikamtazama tu. Sasa kisingizio hakuna. Alizunguka na simu mfukoni wiki nzima, akawa anaitoa, anaitazama, anairudisha. Mwishowe akapiga. Nilikuwa nachambua maharage, nikasikia upande wake tu: alimwomba Gideon aje Mbalizi, Sabato ya Meza ya Bwana, kuna jambo anataka kumfanyia kanisani. Baba Esta aliniambia baadaye kwamba Gideon hakuuliza jambo gani. Alisema atakuja.

Alifika Ijumaa alasiri. Ijumaa kwetu ni siku ya maandalio, kila kitu kinapikwa na watu wanaoga kabla jua halijazama, kwa hiyo alinikuta na moshi machoni. Amezeeka. Alikuwa na begi dogo la nguo tu. Hakuleta hata mkate, mtu wa kutoka Iringa, nikaelewa: alikuwa bado anakumbuka kile kiapo na hakutaka kumtia kaka yake kwenye majaribu. Wakasalimiana kwa Kinyakyusa, salamu zile ndefu, wakaulizana ng'ombe na mvua na afya za watu waliokwisha kufa. Baba Esta akamwonyesha anavyoinuka kwenye kiti bila kushika kitu. Akainuka mara mbili kama mtoto. Gideon hakufurahi. Nilimwona uso ukimbadilika.

Akamwomba kaka yake akae, na mimi nikae. Kisha akasema: "Kaka, kabla hujanifanyia hilo jambo la kesho, ujue kitu. Ule unga ni ngozi ya nguruwe."

Akaeleza, na hakujitetea. Devotha alikuwa kwenye semina Jumatano, na huko mtu akauliza, wakajibiwa kwamba kolajeni ipo ya ng'ombe, ipo ya samaki, ipo ya nguruwe, na makopo yale yenye kifuniko cha bluu ni ya nguruwe tangu mwanzo. Devotha alirudi nyumbani analia. Na kuna kingine. Aliyekuwa anayanunua na kuyapeleka kituo cha basi si Devotha, ni yeye Gideon. Alisikia kwamba kaka yake hawezi kupiga magoti, akaona hilo ndilo analoweza.

Nilimchukia Gideon wakati ule. Nasema wazi. Nilimchukia kwa sababu nilikuwa nimeshapata alfajiri zangu, na nilijua zinaondoka hapo hapo mbele ya macho yangu. Nikamwambia shemeji, kulikuwa na haja gani? Ungenyamaza, angekuosha miguu, ungepanda basi lako, nani angejua? Akasema angejua yeye, na asingeweza kukaa kwenye benchi akamwangalia kaka yake ameinama mbele yake, naye kaficha kitu kama hicho.

Baba Esta alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, anayatazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Niliogopa sana. Nilimjua yule wa Rungwe, na ndoo ya maji, sufuria ya ndizi, vyote vilikuwa karibu na mguu wake. Nikajaribu kumtolea njia. Nikamkumbusha hukumu yake mwenyewe, kwamba dawa si chakula, kwa hiyo hakuna alichokula, na wala hakujua.

Alitikisa kichwa. "Kitu nimekila kwa kijiko kila asubuhi, na kabla ya kukila nimefumba macho nikamshukuru Mungu," akasema. "Hicho ni chakula, Mama Esta." Akamgeukia mdogo wake. "Kwa hiyo muda wote huu nimekula mkononi mwako."

Gideon akaitikia kwa kichwa.

"Na umeniinua."

Nje jirani alikuwa anaita kuku wake. Baba Esta akaniambia nilete beseni. Nikamwambia hiyo ni kazi ya kesho, kanisani, kwa utaratibu. Akasema kesho wazee wenzake watataka kujua amekula nini, na kamati itakaa, na atakuwa anajibu maswali ya nguruwe wakati alichotaka kujibu ni swali la sufuria. Nilete beseni.

Nikaleta lile la kuogea, la plastiki, na maji niliyokuwa nimechemshia kuoga mimi. Gideon akavua viatu. Miguu yake ina nyufa za visigino kwa kushinda ndani ya mabuti bandani, na hakuna mtu aliyemwambia atavua viatu leo, kwa hiyo soksi ilikuwa imetoboka. Baba Esta alishika ukingo wa meza akashuka. Goti la kushoto kwanza, kisha la kulia, likatoa mlio mpaka Gideon akataka kumzuia. Akamwambia aache. Akaosha. Aliosha kama anavyofanya kazi zake zote, polepole na kwa kumaliza, katikati ya kila kidole, na kwenye zile nyufa akapitisha kidole gumba taratibu.

Nilitegemea hotuba, maana ni mzee wa kanisa na hotuba anazo. Alisema maneno mawili tu: "Ile sufuria."

Gideon akasema, "Nyama ilioshwa, kaka. Watu walikula."

Hapo Baba Esta alilia. Nami nikaingia jikoni nikalia huko, kwa sababu zangu zilizochanganyika, nyingine za furaha na nyingine za alfajiri zangu. Waliponiita ni kwa kuwa amekwama chini. Gideon alimshika kwapa moja na miguu yake ikichuruzika maji, mimi nikashika jingine, tukahesabu kama wanavyohesabu wapakiaji, tukamwinua mpaka kwenye kiti.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Nikatenga chakula, ndizi na maharage, nikashika upawa nipakue. Baba Esta akanisimamisha. Akachukua sahani yake akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Gideon," akasema, "nipakulie wewe."

Gideon akapakua. Aliweka ndizi nyingi mno, maharage yakamwagika mezani kwangu. Baba Esta alikula zote.

Kanisani kesho yake alisimama akawaeleza wazee mwenyewe, hakungoja kuulizwa. Wakamwambia hakujua, hana kosa. Alishukuru. Makopo yaliyobaki Gideon alirudi nayo Iringa. Nilimwomba mume wangu aendelee, hata kijiko nusu, Mungu anaona nilivyochoka. Akasema alipokuwa hajui alikula, sasa anajua. Nikamwambia basi uendelee na ule mchanga. Alifanya wiki moja mbili, kisha kifuko kikarudi mlangoni. Mwezi wa sita baridi ya Mbeya ilipoingia, magoti yakarudi yalikokuwa, na mimi nikarudi kwenye kazi yangu ya alfajiri.

Siku hizi basi la kutoka Iringa linaleta makongoro. Kwato za ng'ombe, zimebabuliwa, zimekwanguliwa, zimefungwa vizuri. Gideon anazichagua mwenyewe machinjioni, na amenipigia kuniapia kwamba amemwona ng'ombe akiwa mzima, ana pembe, anacheua. Nazichemsha kutwa nzima na tangawizi na ndimu. Supu ikipoa inaganda, kama Devotha alivyosema. Baba Esta anakunywa mpaka anatoa jasho na kusema anasikia kitu magotini. Mimi sijaona kitu, ila naona anavyolamba bakuli.

Robo iliyofuata Gideon alikuja tena, safari hii na Devotha, na mkate. Nilikuwa nachota maji ya uvuguvugu kwenye pipa uani mwa kanisa, kwa ajili ya upande wetu, nikawaona upande wa wanaume. Gideon amekaa kwenye benchi, viatu amevua. Mume wangu amesimama mbele yake na taulo begani, anayapima magoti, na yule shemasi wa siku zile yuko nyuma yake, anaogopa kusogea. Baba Esta alijaribu kushuka kidogo, akasimama. Akageuka nyuma akamwambia shemasi amletee stuli.